Njia Fupi ya Kuingia Uuguzi: Habari za Maombi na Usaili

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima: Historia

Walimu wa madarasa, tafadhali hakikisheni kwamba kila mwanafunzi anaisikia redio vizuri, hata wale walioketi nyuma. Kisha andikeni ubaoni miaka hii mitano: 1860, 1879, 1918, 1943, 1971. Tutaipitia mmoja mmoja.

Leo tutazungumza habari za uuguzi. Lakini hatutasema habari za dawa, wala sindano, wala vidonda. Tutasema habari za mlango. Kila kazi ina mlango wake wa kuingilia, na penye mlango hapakosi mlinzi. Tutatazama jinsi watu walivyobisha katika mlango wa uuguzi, jinsi walivyoulizwa maswali, na jinsi wengine walivyopewa njia fupi ya kupita.

Maneno mawili tuyaelewe kwanza. Neno la kwanza ni maombi. Hapa maana yake ni karatasi anazopeleka mtu anapotaka kuingia shule au kazi. Neno la pili ni usaili. Usaili ni mazungumzo ya kumpima mwombaji. Anayeuliza huitwa msaili, na anayeulizwa huitwa msailiwa.

Na swali letu la leo ni hili. Mtu amekwisha kusoma Chuo Kikuu na kupata digrii ya kazi nyingine, tuseme ualimu au hesabu za biashara. Sasa anataka kuwa muuguzi. Je, aanze upya kama kijana aliyetoka shule jana? Au apewe masomo ya haraka? Wazee wetu walituachia methali mbili zinazopingana juu ya jambo hili. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Mgonjwa kitandani anaziogopa zote mbili. Anaogopa muuguzi aliyefundishwa kwa pupa, na anaogopa kukosa muuguzi kabisa.

London, 1854 na 1860

Tuanze Uingereza. Mwaka 1854 majeshi ya Uingereza yalikuwa vitani katika nchi ya Krimea, kandokando ya Bahari Nyeusi. Askari waliojeruhiwa na walioshikwa na maradhi walikuwa wakifa kwa wingi hospitalini kwa kukosa matunzo. Serikali ikamwomba bibi mmoja, Florence Nightingale, apeleke wauguzi huko. Basi wanawake wakaitwa waje London, katika nyumba ya waziri Sidney Herbert, ili wasailiwe.

Kazi ya kuchagua haikuwa rahisi. Siku zile uuguzi wa hospitali haukuwa na heshima, na wengi waliokuja walikuja kwa sababu ya mshahara tu. Mwishoni wakapatikana watu 38. Kati yao 24 walitoka katika vyama vya dini, Wakatoliki na Waanglikana, na 14 tu ndio waliokuwa wauguzi wa hospitali.

Mwaka 1860 Bibi Nightingale alianzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas, mjini London. Masomo yalikuwa ya mwaka mmoja. Mwombaji alitakiwa awe na umri wa miaka 25 hadi 35, na alete barua ya kushuhudia tabia yake njema. Hata baada ya kukubaliwa, alikuwa bado anapimwa. Kila mwezi mkuu wa wauguzi alijaza karatasi juu ya kila mwanafunzi. Je, anafika kwa wakati? Je, ni mtulivu? Je, anaaminika? Je, ni msafi? Kwa maneno mengine, usaili haukwisha siku ya kwanza. Uliendelea wodini mwaka mzima.

Tukumbuke jambo hili: tangu mwanzo, mlango wa uuguzi uliuliza mambo mawili. Unajua nini? Na wewe ni mtu wa namna gani?

Boston, 1879

Sasa tuvuke bahari ya Atlantiki, twende Marekani. Katika mji wa Boston kulikuwa na hospitali ya wanawake na watoto iliyoitwa New England Hospital for Women and Children. Mwanamke mmoja mweusi, Mary Eliza Mahoney, alifanya kazi katika hospitali hiyo kwa muda wa miaka kama 15. Alipika, alifua, alisafisha, na aliwasaidia wauguzi. Hakuwa na cheo chochote.

Mwaka 1878, alipokuwa na umri wa miaka 33 hivi, alikubaliwa kuingia shule ya wauguzi ya hospitali hiyo hiyo. Masomo yalikuwa ya miezi 16, na yalikuwa magumu. Wengi walioanza naye hawakumaliza. Yeye alimaliza mwaka 1879, akawa mwanamke mweusi wa kwanza Marekani kuhitimu uuguzi wa kusomea.

Hebu fikirini, ndugu wasikilizaji. Miaka 15 ya jikoni na wodini haikuandikwa katika cheti chochote. Lakini mtu aliyekaa karibu na wagonjwa kwa muda huo hakuanza masomo akiwa mtupu. Hili litatufaa tutakapofika kwenye usaili wa siku hizi.

Vassar, 1918

Mwalimu, tafadhali chora mstari chini ya mwaka 1918. Huu ndio mwaka ambao njia fupi ya kuingia uuguzi kwa watu wenye digrii ilipoanza kuonekana wazi.

Marekani ilikuwa imeingia katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1917. Wauguzi wengi walihitajika ng'ambo, na nyumbani hospitali zilibaki na upungufu. Kumfundisha muuguzi kulichukua miaka mitatu. Vita havingoji miaka mitatu. Basi watu wa elimu na wa uuguzi wakapata shauri. Walisema: wako wanawake waliokwisha kumaliza vyuo vikuu. Wamezoea kusoma, na wengine wamesoma sayansi. Tuwaite hao.

Wakati wa likizo, kuanzia mwezi wa Juni, chuo cha Vassar katika jimbo la New York kiligeuzwa kuwa kambi ya mafunzo. Chama cha Msalaba Mwekundu kilitoa fedha. Walifika wanawake zaidi ya 400, waliotoka katika vyuo zaidi ya 100. Sharti kubwa la maombi lilikuwa digrii. Kwa muda wa wiki 12 walisoma habari za mwili wa binadamu, vijidudu vya maradhi, kemia, usafi, chakula cha wagonjwa na mwanzo wa kazi ya uuguzi. Mwezi wa Septemba walitawanywa katika hospitali mbalimbali wakaendelee kwa muda wa miaka miwili hivi. Miaka mitatu ilipungua, lakini haikutoweka.

Na angalieni kilichowapokea. Miezi hiyo hiyo ya mwisho wa mwaka 1918, homa kubwa ya mafua ilienea dunia nzima. Wodi zilijaa. Wanafunzi wale wapya hawakupata nafasi ya kuzoea polepole. Vita vilipokwisha mwezi wa Novemba, baadhi yao waliacha, kwa kuwa haja iliyowaleta imekwisha. Wengine walibaki.

Mmoja wa waliobaki aliitwa Katharine Densford. Kabla ya hapo alikuwa amesoma historia Chuo Kikuu, na alikuwa mwalimu wa Kilatini. Mtu angeweza kumwuliza: mama, Kilatini na vidonda, wapi na wapi? Lakini alipita Vassar, akahitimu uuguzi, na mwaka 1930 akawa mkuu wa shule ya wauguzi ya Chuo Kikuu cha Minnesota. Aliiongoza hadi mwaka 1959. Tutakutana naye tena punde.

Baada ya vita, vyuo vikuu vilianza kuupa uuguzi nafasi ya heshima. Mwaka 1923 Chuo Kikuu cha Yale kilifungua shule ya uuguzi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa Annie Goodrich. Kuanzia mwaka 1934 shule hiyo ilidai digrii kwanza, ndipo mtu aingie.

Jeshi la wanafunzi wauguzi, 1943

Ikaja Vita Kuu ya Pili, na upungufu ukarudi. Mbunge mmoja mwanamke kutoka Ohio, Frances Payne Bolton, alipeleka sheria bungeni. Sheria ilipita mwaka 1943, na kikaundwa kikosi kilichoitwa Cadet Nurse Corps, yaani kikosi cha wanafunzi wauguzi. Aliyekiongoza alikuwa muuguzi Lucile Petry.

Masharti ya kuingia yalikuwa mepesi kuelewa. Mwombaji awe mwanamke mwenye umri wa miaka 17 hadi 35, awe na afya njema, awe amemaliza shule ya sekondari, na akubaliwe na shule ya uuguzi iliyomo katika mpango huo. Serikali ililipa karo na vitabu, ikatoa sare ya rangi ya kijivu, na posho ya dola 15 kwa mwezi katika miezi tisa ya kwanza. Masomo ya miezi 36 yalibanwa yakawa miezi 24 hadi 30. Muda uliobaki wanafunzi walifanya kazi hospitalini, huku wakisimamiwa.

Hapa historia inagusa jambo zito. Katika miaka ile shule nyingi za uuguzi Marekani zilikataa watu weusi. Mtu aliweza kuwa na alama nzuri na afya njema, na bado akafungiwa mlango kwa sababu ya rangi yake. Sheria ya mwaka 1943 ilisema kwamba msaada wake usitolewe kwa ubaguzi wa rangi wala dini. Haikuvunja ubaguzi wote, kwa kuwa shule ndizo zilizochagua wanafunzi, na nyingi ziliendelea na desturi zao. Lakini wanawake weusi wapatao 3,000 waliingia katika kikosi hicho. Waliingia pia Wamarekani wenye asili ya Japani, ambao serikali ile ile ilikuwa imewafungia watu wao kambini wakati wa vita.

Kwa jumla walioingia walikuwa karibu 180,000, na waliohitimu walikuwa zaidi ya 120,000. Shule iliyokuwa na wanafunzi wengi kupita zote katika mpango huo ilikuwa ya Minnesota, chini ya Bibi Densford. Yule mwalimu wa Kilatini aliyeingia kwa njia fupi mwaka 1918, sasa alikuwa upande wa pili wa meza.

Saint Louis, 1971, hadi siku hizi

Njia fupi za mwaka 1918 na 1943 zilizaliwa na vita. Amani iliporudi, zilifungwa. Mwaka 1971 jambo likabadilika. Chuo Kikuu cha Saint Louis, katika jimbo la Missouri, kilianzisha masomo ya haraka ya digrii ya uuguzi kwa watu wenye digrii ya kazi nyingine. Safari hii haikuwa kwa ajili ya vita. Vyuo vingine vilifuata, na siku hizi Marekani ina mipango ya namna hiyo zaidi ya 200. Na mlango hauwahusu wanawake peke yao. Wanaume nao huomba na kukubaliwa.

Masomo hayo huchukua miezi 11 hadi 18. Msikilizaji atauliza: yanawezaje kuwa mafupi hivyo, ilhali digrii ya kawaida ni miaka minne? Jibu ni hili. Fundi mwashi akijenga nyumba juu ya msingi uliokwisha kuwekwa, hapotezi siku kuchimba msingi mwingine. Mwanafunzi mwenye digrii amekwisha kusoma lugha, historia, hesabu na mengine ya jumla. Hayo hayarudii. Lakini saa za kazi ya wodini, mbele ya wagonjwa, hazipunguzwi. Likizo ndizo zinazopunguzwa, na usingizi pia. Vyuo vingi huwashauri wanafunzi hao wasifanye kazi nyingine wakati wa masomo.

Na mwisho wa yote kuna kipimo kimoja. Aliyesoma haraka na aliyesoma polepole hufanya mtihani ule ule wa leseni. Karatasi ya mtihani haiulizi ulipita njia gani.

Maombi yanavyoandikwa

Mwombaji wa siku hizi hupeleka mambo manne makubwa. La kwanza ni matokeo ya masomo yake ya zamani. Vyuo vingi hudai wastani wa alama 3.0 katika kipimo cha alama 4. La pili ni ushahidi kwamba amesoma masomo ya awali: viungo vya mwili na kazi zake, vijidudu vya maradhi, kemia na takwimu. Hapa wengi hukwama. Mwenye digrii ya historia hulazimika kwanza kwenda kusoma kemia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. La tatu ni barua za watu wanaomjua kazini au shuleni. Hizi ni ndugu wa ile barua ya tabia njema ya mwaka 1860. La nne ni insha fupi ya kueleza kwa nini anataka uuguzi.

Usaili

Vyuo vingi, ingawa si vyote, humwita mwombaji kwenye usaili. Tusikilize mfano tulioutunga kwa ajili ya somo.

Msaili: Kwa nini unataka kuwa muuguzi?

Mwombaji wa kwanza: Napenda kusaidia watu.

Msaili: Ni vizuri. Lakini mwalimu naye husaidia watu, na zimamoto pia. Kwa nini uuguzi?

Mwombaji wa kwanza: Nadhani... nimependa tu tangu utoto.

Sasa aingie wa pili. Huyu alikuwa karani wa hesabu.

Msaili: Wewe ulikuwa karani. Kwa nini uuguzi?

Mwombaji wa pili: Kwa mwaka mmoja, kila Jumamosi, nilijitolea katika nyumba ya wazee. Mzee mmoja alikuwa akikataa chakula. Tulidhani hana njaa. Muuguzi akaketi naye, akagundua kwamba mikono yake inatetemeka na anaona aibu kujimwagia mchuzi mbele ya watu. Akampa kikombe badala ya bakuli, mzee akanywa. Nikasema moyoni, kazi ya kuona namna hiyo ndiyo ninayotaka kujifunza.

Msaili: Na ukarani wako utakufaa nini?

Mwombaji wa pili: Nimezoea kuhakiki tarakimu mara mbili. Naona kipimo cha dawa nacho ni tarakimu.

Darasa, mmeona tofauti? Wa kwanza hakusema uongo. Lakini maneno yake yangeweza kusemwa na mtu yeyote. Wa pili alieleza alichokiona kwa macho yake, kisha akaonyesha jinsi kazi yake ya zamani inavyoingia katika kazi mpya. Hakuuficha ukarani wake kama aibu. Ndiyo hazina ile ile aliyokuwa nayo Mary Mahoney baada ya miaka 15 wodini, ila huyu amepewa nafasi ya kuisema.

Wasaili huuliza mengine pia. Eleza siku mlipogombana na mwenzako kazini, mlimalizaje? Utafanyaje ukigundua mwenzako amekosea dawa? Masomo ni ya haraka. Una mpango gani wa kuyamudu? Anayejibu swali hili la mwisho kwa mpango ulio wazi huaminika kuliko anayesema Mungu atajalia na hana la zaidi.

Usaili nao una kasoro yake. Msaili ni binadamu. Huweza kumpenda mtu kwa sababu ya sauti yake, au kumchukia kwa sababu ya kabila lake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha McMaster huko Canada kilibuni namna mpya kwa ajili ya waombaji wa udaktari. Badala ya usaili mmoja mrefu, mwombaji hupita katika vituo kadhaa, kila kimoja dakika chache tu, na kila kituo kina msaili wake na swali lake. Akimchukiza mmoja, bado wako wengine. Namna hiyo imeenea katika shule nyingi za kazi za afya. Mlango mmoja wenye mlinzi mmoja umekuwa njia yenye walinzi wengi, ili hukumu isiwe ya mtu mmoja.

Tufunge somo

Sasa turudi kwenye methali zetu mbili. Historia imetuonyesha kwamba njia fupi si lazima iwe njia ya mkato. Njia ya mkato huruka jambo la lazima. Njia fupi huacha tu lile ambalo msafiri amekwisha kulipita. Mwaka 1918, mwaka 1943 na mwaka 1971, waliofupisha masomo walitakiwa kujibu swali moja: tunaacha nini, na mgonjwa atapata hasara gani? Palipokuwa na jibu zuri, njia ilidumu.

Na jambo la pili. Mlinzi wa mlango akiuliza rangi ya mtu badala ya ujuzi na tabia yake, anayepata hasara si mwombaji peke yake. Ni mgonjwa pia, aliyelala wodini akiita, na muuguzi hakuna.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini masomo ya uuguzi yalifupishwa mwaka 1918? Na mwaka 1971 sababu ilikuwa tofauti namna gani?
2. Ni mambo gani mawili ambayo mlango wa uuguzi umeuliza tangu mwaka 1860?
3. Taja kazi moja unayoijua vizuri, kama kilimo, ushonaji au uvuvi. Ungemweleza msaili kwamba kazi hiyo imekufundisha nini? Andika sentensi tatu.
4. Ni ipi faida ya wasaili wengi kuliko msaili mmoja?

Walimu, msaidieni kila mwanafunzi aandike jibu la swali la tatu kwa mkono wake mwenyewe, kisha alisome kwa sauti mbele ya wenzake. Kwa leo tumefika mwisho. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.